Kuchachuka Si Kuchacha: Maneno Niliyosema Mwanza Tulipoonja Bia ya Zabibu

Hotuba hii niliitoa Jumamosi jioni kwenye bustani moja ya Capri Point, mbele ya wahudumu wa baa na hoteli, wapika pombe za kienyeji na wengine wanaoipenda kazi hii. Waliokosa kufika waliomba niiandike yote. Nimeiacha kama nilivyoisema.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mliopanda meli Bukoba mkalala ziwani ili muwe nasi leo, shikamooni na karibuni sana. Wenyeji wetu Wasukuma, mwadila. Na ninyi dada zangu na kaka zangu mnaosimama kaunta kuanzia saa tisa alasiri mpaka usiku wa manane, maneno haya nimewaandalia ninyi kuliko wote. Sogeeni mbele, msiniachie viti vitupu.

Mbele ya kila mmoja kuna glasi. Ndani yake kuna bia chachu iliyolazwa pipani na zabibu, kidogo tu, mililita 50, kwa sababu tumekuja kuonja, hatukuja kunywa. Rangi yake mnaiona. Si dhahabu kama bia mliyoizoea, ni wekundu uliofifia, kama juisi ya rosela iliyozidishwa maji. Povu lilikuja likaondoka, na bia za aina hii ndivyo zilivyo, uchachu haulipi povu nafasi ya kukaa. Ndoo zile nyeupe ni za kutemea. Kwenye kazi yetu kutema si dharau. Anayeendesha gari au bodaboda ateme, au anuse tu. Mama mjamzito asionje kabisa, kwake kuna juisi ya zabibu. Bia hii ina kilevi cha asilimia 7, wakati bia nyingi tunazouza zinacheza kwenye 5.

Sasa naomba jambo moja. Msinywe. Bado.

Inueni glasi, nuseni. Mnasikia nini?

Kaka mmoja huko nyuma anasema siki. Mama hapa mbele, wa kitenge cha kijani, anasema imechacha. Asanteni kwa kusema kweli. Tena mama, neno lako hilo, imechacha, ndilo lililonileta hapa jioni hii.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mhudumu kwenye hoteli moja ya hapa kando ya ziwa. Mgeni mmoja, mzee wa makamo, alifungua chupa aliyokuja nayo kutoka kwao, akanimiminia kidogo. Nikanusa. Nikaonja. Nikamwambia kwa heshima zote, mzee, samahani, bia yako imeharibika njiani. Hakukasirika. Aliniuliza swali moja tu: "Imeharibika ikawa nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na miaka sita kwenye kazi, nauza vinywaji kila siku, na sikuwa na jibu. Imeharibika ikawa nini? Swali hilo nimelala nalo miaka mingi, na leo nawapa ninyi, kwa sababu naamini ninyi mnalo jibu kuliko mimi nilivyokuwa nalo siku ile. Mnalo, ila hamjaambiwa kwamba ni elimu.

Angalieni lugha yetu ilivyofanya. Chachu ndiyo inayoumua mkate na kuivisha pombe. Embe bichi tunaliita chachu. Pombe ikijichemkia yenyewe mtungini tunasema imechachuka. Na wali uliolala kwenye joto tunasema umechacha, tunaumwaga. Mzizi ni mmoja. Waliotuachia lugha hawakuwa na darubini, lakini waliona kwamba kinachofanyika ndani ya mtungi na ndani ya sufuria ya wali ni kazi za watu wa ukoo mmoja. Kuna wadogo wasioonekana, wanakula, na kila wanapokula wanakigeuza walichokila. Tofauti ni nani anayekula, anakula nini, na je, tumemsimamia au tumemwachia nyumba?

Kwa hiyo mteja akikurudishia glasi akasema imechacha, usikimbilie kubisha, wala usikimbilie kumwaga. Jiulize: imechacha vipi? Kama maziwa mgando? Kama siki? Au kama maharage ya juzi?

Uchachu wa maziwa mgando ni mpole. Unapita kwenye kingo za ulimi na kukujaza mate, unaondoka bila kugombana na koo. Huo unaletwa na bakteria wa ukoo ule ule ulio kwenye maziwa, Lactobacillus, pamoja na ndugu yake Pediococcus. Uchachu wa siki unapanda puani na kuchoma. Huo unaletwa na bakteria wanaotaka hewa. Pipa likivuja, au likiachwa na nafasi tupu juu, wao ndio wanaoamka. Wakiwa wachache wanaichangamsha bia. Wakizidi, umepata siki ya kutilia achari. Na uchachu wa maharage ya juzi mnaujua: harufu ya matapishi, harufu ya yai viza, harufu ya kitambaa kilicholala na maji. Hiyo mwaga. Usimbembeleze mteja, usimwambie ndivyo ilivyo. Mwaga, omba radhi, leta nyingine.

Haya, rudini kwenye glasi. Nuseni tena, taratibu. Chini ya uchachu kuna kitu kingine. Nani anakisikia?

Semeni tu. Zizi! Asante sana, baba. Msione haya kusema zizi, Usukumani zizi si tusi. Zizi asubuhi baada ya mvua, nyasi kavu, ngozi ya ng'ombe iliyoanza kukauka. Na kwa mbali, kwa wenye pua za Unguja na Pemba, karafuu kidogo. Harufu hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe ana jina.

Mwaka 1883, mjini Copenhagen, kwenye maabara ya kiwanda cha Carlsberg, Emil Christian Hansen alifaulu kuitenga chachu moja safi na kuikuza peke yake. Tangu hapo viwanda vya bia duniani vikaanza kutumia chachu ya kuchagua. Bia unayofungua leo Kirumba na utakayofungua mwakani Igoma zina ladha ile ile kwa sababu ya kazi ile, na mimi siibezi, imetulisha wengi tuliomo humu. Lakini mlango ulipofungwa, wengi wa wale wadogo wasioonekana walibaki nje. Mwaka 1904, N. Hjelte Claussen, naye wa Carlsberg, alieleza chachu nyingine aliyoikuta kwenye bia za Kiingereza zilizokaa muda mrefu. Akaiita Brettanomyces, yaani kuvu wa Uingereza. Huyo ndiye mwenye zizi. Huyo ndiye mwenye karafuu. Viwanda vingi vinamwogopa kama panya ghalani, na wenye divai wengi vilevile. Waliotengeneza bia iliyo mbele yenu walimkaribisha.

Na wapo watu ambao hawakuufunga mlango kamwe. Ubelgiji, kwenye bonde la mto Senne, ndani na kando ya Brussels, wanapika bia iitwayo lambic. Wanachemsha maji matamu ya kimea cha shayiri na ngano, sisi tungeyaita togwa, pamoja na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, za zamani zilizopoteza uchungu wake mwingi. Halafu wanayamwaga kwenye sinia kubwa la chuma au shaba, pana na la kina kifupi, wanayaacha wazi usiku kucha. Hawatii chachu. Hewa ya usiku inayapoza, na inapoyapoza inapanda mbegu. Asubuhi yanaingia kwenye mapipa na kukaa mwaka, miwili, hata mitatu. Kiwanda cha Cantillon, kilichoanzishwa Brussels mwaka 1900, kinafanya hivyo mpaka leo, na miongoni mwa bia zake ipo inayolazwa na zabibu nyeupe na ipo inayolazwa na zabibu nyekundu. Baadaye Wamarekani nao wakaingia. Russian River ya California wanalaza bia kwenye mapipa yaliyotoka kwenye divai. Bia ya leo si ya hao niliowataja, lakini ni ya ukoo wao.

Nimesema mapipa. Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Mapipa yenyewe ni ya mti wa mwaloni. Najua, hapa Mwanza ukisema mwaloni watu wanawaza Kirumba, dagaa, mitumbwi na kelele za mnada. Mwaloni huu ni mti, ule ambao wasomaji wa Biblia mmeuona kwenye habari za Abrahamu, mialoni ya Mamre. Pipa la kawaida la divai hubeba lita 225. Mbao zake zinazuia maji yasitoke lakini haziizuii hewa kabisa, inapenya kidogo kidogo, mwaka mzima. Mbao zenyewe zinatoa vanila, zinatoa ukakasi, na pipa lililobeba divai linakumbuka divai. Lakini kubwa kuliko yote ni wakazi wa ndani.

Bibi yangu mzaa baba aliishi Magu. Alikuwa na kibuyu cha maziwa kilichoanza kazi kabla sijazaliwa. Kilikuwa cheusi ndani kwa moshi, na kilikuwa na harufu ambayo hata sasa nikiisikia naweza kulia. Siku moja, nikiwa na miaka tisa hivi, nilikiosha kwa sabuni na maji ya moto nikidhani ninasaidia. Nilikisugua mpaka kikanukia sabuni. Bibi aliporudi kutoka shambani alikigeuza, akakinusa, akakiweka chini. Hakunipiga. Alisema neno moja tu: "Umewafukuza."

Umewafukuza! Bibi hakusoma hata darasa la kwanza. Hakuwahi kumsikia Hansen wala Claussen. Lakini alijua kwamba ndani ya kibuyu kuna wanaoishi, na kwamba maziwa hayagandi yenyewe, wao ndio wanaoyagandisha. Maziwa ya siku zile yalikuwa yanakataa kushika. Ikabidi aende kwa jirani kuomba mgando kidogo, auzungushe kibuyuni, aumwage, aujaze tena, mpaka wakazi wapya wakazoea nyumba.

Ndugu zangu, pipa ni kibuyu. Wenye mapipa nao wanaosha, tena kwa maji ya moto, lakini mbao zina vinyweleo, na walioingia ndani hawatoki wote. Ndiyo maana pipa moja haliwi sawa na jirani yake hata yakijazwa bia ya siku moja. Ndiyo maana mwenye bia anazunguka na glasi akionja pipa moja moja, anasema hili limeiva, hili bado, hili tuchanganye na lile. Mnaona? Mtu akiwaambia kwamba hii ni elimu ya kigeni kabisa, mwambieni tuliioshea sabuni wenyewe.

Sasa nataka kusema habari ya subira, kwa sababu wengi huishia hapo.

Jamaa yangu mmoja wa Bwiru alijaribu kutengeneza bia ya namna hii nyumbani, madumu mawili ya lita 20. Mwezi wa tatu akanipigia simu saa nne usiku. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. Alisema, dada, imeshika mlenda. Ukiimimina inavutika kama bamia. Nikamwambia usimwage. Akasema la kwanza nimeshamwaga mferejini, sasa hivi, harufu yote iko uani. Nikamwambia basi la pili lifunge, lirudishe kwenye giza, na usilifungue tena mpaka nije.

Ule mlenda ni kazi ya Pediococcus. Hutokea, hata kwa mabingwa wa Ubelgiji. Wao husema bia inaugua. Na dawa yake haiuzwi dukani. Brettanomyces, yule mwenye zizi, anatembea polepole, na anapofika anakula hata ule mlenda, mpaka bia inakuwa nyepesi kuliko ilivyokuwa mwanzo. Tulilifungua dumu la pili baada ya miezi minane mingine. Lilikuwa limetulia, kavu, safi, na uchachu wa ndimu iliyoiva. Jamaa yangu alinyamaza muda mrefu akitazama upande wa ule mfereji.

Hebu sasa onjeni. Kidogo. Kizungusheni mdomoni, kipelekeni mpaka kwenye fizi, halafu temeni au mezeni.

Acheni uchachu upite. Mnasikia kinachobaki? Fizi zinakauka, ulimi unakuwa kama umepakwa unga. Huo si uchachu. Huo ni ukakasi, kama wa zambarau ambayo haijaiva sawasawa, kama wa kanju bichi. Wahudumu wangu, nawasihi, msiyachanganye haya mawili mbele ya mteja. Ugwadu, yaani huo uchachu, unaleta mate, ukakasi unayaondoa. Ugwadu umetoka kwa bakteria na kwa tunda. Ukakasi umetoka kwenye mbao, na zaidi kwenye maganda na kokwa za zabibu.

Na zabibu hazikuletwa kwa ajili ya ladha peke yake. Zabibu ni chakula cha chachu, sukari mpya kwa walioanza kulala. Bia iliyotulia pipani ikipewa zabibu inaamka, inachemka upya. Kiasi cha kawaida kwa wanaolaza bia na matunda ni gramu 200 hadi 300 kwa kila lita, maana yake pipa la lita 225 linakula kilo 45 mpaka 67 hivi. Tena zabibu haziji peke yake. Kwenye ganda la zabibu chachu pori zimeshakaa. Watu hudhani ni ule unga mweupe unaoonekana juu ya tunda. Hapana, ule ni nta ya tunda lenyewe. Chachu huzioni kwa macho.

Mimi niliiona kazi yao Dodoma. Mnajua kwamba kule zabibu za divai zililetwa na wamisionari katika miaka ya 1950, na kwamba jua la pale linawapa mavuno mawili kwa mwaka, jambo ambalo wakulima wa Ufaransa hawalipati. Nilikwenda wakati wa mavuno ya Agosti. Nilimkuta mkulima mmoja ameketi kando ya kreti zake za Makutupora nyekundu, mzabibu uliobeba jina la mahali pale. Mnunuzi aliahidi kuja Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Jumatano jioni. Nyuki walikuwa wengi kuliko watu. Zabibu za chini zilikuwa zimepondeka kwa uzito wa za juu, na maji yaliyokusanyika chini ya kreti yalikuwa yanatoa mapovu. Hakuna aliyetia kitu. Hakuna aliyepika kitu. Zilikuwa zimeanza zenyewe.

Mkulima aliniambia, unaona dada, zimeharibika. Na mimi nilisimama pale na swali la yule mgeni kooni. Zimeharibika zikawa nini? Sikuwa na pipa, sikuwa na bia, sikuwa na gari la kumbebea mzigo wake, na sitaki kuwadanganya kwamba nilimsaidia siku ile. Nilinunua kreti moja nikaila njiani na wenzangu wa basi. Lakini tangu hapo nikisikia mtu anasema Tanzania hatuna zabibu za kulazia bia, naiona ile jioni ya Dodoma na yale mapovu.

Kuna wanaoniuliza, kwa nini unatuletea bia ya wazungu wakati mama zetu wanapika rubisi, pombe yetu ya ndizi? Ni swali la haki, na linastahili jibu la hapa hapa ziwani.

Miaka ya 1950 sangara aliletwa kwenye ziwa hili. Alileta fedha, alileta viwanda vya minofu, wengi wetu tumesomeshwa na sangara. Na aliwala furu. Aina nyingi za furu zilizokuwa humu, samaki ambao hawakuwepo mahali pengine popote duniani, hazionekani tena. Wazee mnawakumbuka. Sasa sikilizeni. Sikuileta chupa hii ije imle furu wetu. Nimeileta kwa sababu ni shahidi. Imekuja kushuhudia kwamba mama zangu hawa, miaka yote, walikuwa wanafanya kazi ambayo huko nje watu wanaifanya kwa fahari na kuiuza kwa bei ya mbuzi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa Muleba. Ndizi ziliivishwa, zikamenywa, zikatiwa kwenye mtumbwi wa mbao pamoja na nyasi, wanaume wakazikanyaga kwa miguu mpaka maji yakatoka. Huko Ureno nako wamekanyaga zabibu kwa miguu karne na karne. Maji yakachujwa, ukatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, mtumbwi ukafunikwa majani ya mgomba, na watu wakaenda kulala. Chachu ilitoka wapi? Hakuna aliyeinunua. Ilitoka kwenye mtama, kwenye ndizi, kwenye majani, kwenye mbao za mtumbwi ule uliokuwa umepika rubisi tangu enzi za babu. Mbao, tunda, nafaka, na wakazi wasioonekana. Niambieni, kati ya hayo manne ni lipi halimo kwenye glasi iliyo mbele yenu?

Tofauti ni muda. Rubisi ni ya siku mbili tatu, ikipita hapo imekwisha. Hii ni ya miaka. Rubisi ni ya kunywewa pamoja ikiwa bado inachemka. Sisemi ipi kubwa. Nasema tu kwamba mwenye kuijua moja ana nusu ya njia kuelekea nyingine.

Kwa wanaotaka kujaribu, na najua wapo, nina onyo. Msiige sinia la Ubelgiji. Wao hupika hivyo kuanzia Oktoba mpaka Aprili, kwenye baridi ya kweli, na majira ya joto wanaacha, kwa sababu joto linaleta wageni wabaya. Usiku wetu wa Mwanza unazunguka nyuzi 18 hivi. Togwa ya shayiri ukiiacha wazi hapa inapoa taratibu mno, na maharage ya juzi yanaitangulia chachu. Tumieni mbegu mnayoijua, iliyotoka kwenye bia nzuri au kwenye ganda la zabibu mlilolijaribu kwanza kwenye chupa ndogo. Nunueni kipimo cha pH, kinachopima uchachu, namba ikishuka uchachu umepanda, si ghali. Hakikisheni togwa imeshuka chini ya 4.5 mapema. Bia kama hii ya leo huwa kwenye 3.3 au 3.5. Pipa au dumu lijae mpaka juu, likae penye kivuli. Na andikeni. Kila siku mliyoonja, andikeni mlichokisikia, kwa Kiswahili, kwa Kisukuma, kwa Kihaya, kwa maneno yenu.

Maneno yenu, ndugu zangu. Nimechoka kusoma karatasi za kuonjea zinazotuambia tutafute matunda ambayo hakuna aliyeyala hapa. Mtu wa Nansio atayapata wapi? Mwambie machungwa ya Ukerewe atakuelewa kabla hujamaliza. Sisi tunasema kusikia harufu, kusikia ladha. Tunasikia. Basi tuseme tulichosikia.

Glasi zenu zimekaa saa nzima sasa na zimepata joto la jioni. Nuseni tena kabla hamjaonja mara ya mwisho. Si ile ya mwanzo, sivyo? Siki imerudi nyuma. Semeni, nasikiliza.

Ukwaju. Ndiyo. Ubuyu, vizuri sana. Ganda la chungwa. Zambarau. Huyu anasema kibuyu cha maziwa, na sikumwambia aseme. Kaka wa nyuma, wewe uliyesema siki? Sasa anasema ndimu na mbao mbichi.

Na mama wa kitenge cha kijani? Haraka ya nini, mwacheni aonje kwa nafasi yake.

Mama anasema: "Imetulia. Lakini nyepesi. Wamesahau mtama."

Mmemsikia? Hakusema imechacha. Amesema kilichokosekana, na amesema angefanya nini. Mimi nilitumia miaka mingi kufika hapo. Mama, naomba upite mbele. Dumu lako la rubisi nimeliweka kivulini, pale chini ya mwembe, halijatikiswa. Vijana, safisheni glasi kwa maji matupu, msitie sabuni. Mama, kwa desturi mpishi ndiye anayeanza. Onja wewe kwanza, halafu utumiminie.